'Get' Si 'Pata' Peke Yake

Fungua kamusi ya Kiingereza kwenye neno "get". Maelezo yanateremka safu kwa safu, ukurasa unaisha, na ukigeuza mwingine bado yapo. Usihangaike kuyakariri. Hata Waingereza wenyewe hawajayakariri.

Unachohitaji ni vitu viwili tu: kulisoma neno likiwa kazini, na kujua wapi Kiswahili chako kinakupoteza njia. Hapa Dodoma, iwe unaanza kidato cha kwanza Kongwa, unapokea wageni hotelini Area D, unaendesha bajaji pale stendi ya Nanenane au unajiandaa kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, "get" utakutana nalo leo leo. Twende kazi.

Anza na matamshi, maana hapa wengi wanaanguka mapema. Neno linaishia kwenye "t". Usiliongezee "i" mwishoni. Ukisema "geti", mgeni anatazama getini kumtafuta mlinzi. Likikutana na irabu mbele, unganisha: "get it" hutamkwa kwa pamoja, "ge-tit". Mmarekani ataifanya hiyo "t" iwe kama "d", usishtuke.

Tazama jirani yake

Ukiona "get", usikimbilie kuuliza maana. Tazama neno linalofuata. Jirani ndiye anayekuambia kila kitu.

Jirani akiwa kitu, ndipo "pata" inapoingia, ikifuatana na nunua, chukua na leta. "I got a job" ni nimepata kazi. "I got these grapes in Hombolo" ni zabibu hizi nimezinunua Hombolo. "Can you get the keys?" ni waweza kuleta funguo?

Jirani akiwa sifa, "get" ni kubadilika hali. "Get tired", "get angry", "get wet". Hapa Kiswahili kimekutangulia, kwa sababu sisi tunayasema hayo kwa neno moja: choka, kasirika, lowa. Vitenzi vyetu vingi vinavyoishia na "-ka" vinakwenda hivyo hivyo. Chafuka ni "get dirty". Vunjika ni "get broken". Potea ni "get lost", nayo ina hatari yake, tutaifikia.

Fanya hivi: ukitaka kusema kitenzi cha aina hiyo, tafuta sifa yake ya Kiingereza, weka "get" mbele, umemaliza. Mgeni akikuuliza kuhusu hali ya hewa ya Dodoma mwambie "It gets cold and windy in June and July." Wengi wanatoka Dar es Salaam na mashati mepesi wakidhani Tanzania yote ni joto. Utakuwa umemwokoa.

Jirani akiwa mahali, "get" ni fika. "What time does the train get to Dodoma?" Hapo weka "to". Lakini kwenye "here", "there" na "home" usiiweke kabisa. Ni "get home", si "get to home". Kosa hili linasikika hata kwa watu wenye digrii, na kulirekebisha hakugharimu senti.

Kuna na jirani wawili kwa pamoja: mtu au kitu, kisha kitendo. Hiyo ni habari ndefu kidogo. Nitaipa nafasi yake.

Pale "pata" inapokuangusha

Neno letu "pata" ni karimu mno. Tunapata mtoto, tunapata ajali, tunapata msiba, tunapata chai, tunapata hasara. Kiingereza kimeyagawa hayo kwa vitenzi tofauti, na "get" imepewa baadhi tu. Ukitafsiri moja kwa moja, unaharibu. Sehemu hii isome polepole.

Nimepata ajali ni "I had an accident". Kumbuka "had". Lakini magonjwa yanakubali "get" bila ubishi: "I got malaria", "I got a bad cold". Kwa hiyo ugonjwa uende na "get", ajali iende na "have".

Nimepata msiba. Hii ndiyo meseji ngumu kuliko zote, na mara nyingi unaiandika haraka, kichwa hakijatulia, kwa bosi wa mradi ambaye si Mswahili. Usiandike "I got a funeral". Andika "There has been a death in my family" kisha "I need to travel to Singida today". Kama aliyefariki ni baba mdogo, andika "my uncle". Na kama ndiye aliyekulea, sema hivyo: "the uncle who raised me". Bosi mgeni hajui uzito wa baba mdogo kwetu, na neno "uncle" peke yake halimwambii kwa nini unaomba siku tano.

Nimepata dharura: "Something urgent has come up." Iweke hii kwenye simu yako kabisa. Utaihitaji.

Nimepata mtoto: "We've had a baby." Ukisema "I got a baby", inasikika kama umekabidhiwa mtoto na mtu mwingine. Mimba, hata hivyo, inakubali, ila kwa sifa: "She got pregnant". Usiseme "She got pregnancy".

Amepata jiko: "He got married." Kiingereza hakitofautishi kuoa na kuolewa, kwa hiyo sentensi hiyo hiyo inamfaa kaka na inamfaa dada. Angalia tu kihusishi. Ni "She got married to a man from Manyoni". Sisi tunasema ameoana na, ndiyo maana ulimi unavutwa kwenye "with". Ukatalie.

Karibu upate chai: "Please have some tea." Mama lishe wa soko la Majengo anayehudumia watafiti wa chuo aizingatie hii. "Get some tea" inamaanisha kachukue mwenyewe, na mgeni atainuka kweli kutafuta chupa.

Upande wa biashara, faida na hasara zinakwenda na "make". "I made a profit", "I made a loss". Ila bei na fedha zinarudi kwa "get". Mkulima aliyeshusha mahindi soko la Kibaigwa anasema "I got a good price this year", na mwenzake anamuuliza "How much did you get per bag?" Sentensi hizo mbili zinatosha kuanzisha mazungumzo na mnunuzi yeyote kutoka nje.

Sasa simu. Nilikupigia sikukupata si "I didn't get you". Sema "I called you but I couldn't get through." Sikupati vizuri, mtandao unakatakata, sema "I can't hear you well, you're breaking up." Shida ya "I don't get you" ni kwamba Mwingereza anaisikia kama sikuelewi wewe ni mtu wa aina gani. Inakwaruza. Kama maneno yamekupita, tumia hii: "Sorry, I didn't get that. Could you say it again?" Zingatia "that" badala ya "you". Lawama inaenda kwenye neno, haimfiki mtu.

Na kama ni somo au maelezo ndiyo hukuyaelewa, "I don't get it" inatosha. Kwa mwalimu ongeza heshima kidogo: "I'm sorry, I still don't get this part."

Yapo mengi ambayo "pata" na "get" yanakubaliana vizuri kabisa, usije ukaogopa neno zima. "Get a visa", "get permission", "get a message", "get some sleep". Mwanafunzi aliyefaulu anasema "I got Division One" na hakuna wa kumsahihisha, labda wa kumwonea wivu.

Barabarani

Dodoma ni mji wa kufika na kuondoka. Semina, vikao, usaili, Bunge, vyuo. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi hapa mwezi Julai 2024, mgeni anaweza kutua asubuhi na kuondoka jioni. Maswali yake mengi yatakuwa na "get" ndani.

Anza na kupanda na kushuka. Chombo cha abiria wengi, yaani basi, daladala, treni au ndege, ni "get on" na "get off". Chombo unachokalia kwa kutanua miguu huku na huku, yaani pikipiki, baiskeli, hata punda, ni hivyo hivyo. Gari dogo, teksi na bajaji ni "get in" na "get out".

Kwa hiyo mtu wa bodaboda anasema "Please get on", na wa bajaji anasema "Please get in". Ukimaliza safari ya bodaboda: "You can get off here." Ya bajaji: "You can get out here."

Achana na "I'm dropping here". Limezoeleka Afrika Mashariki yote na makondakta wetu wanalielewa, lakini kwa mgeni "drop" ni kuanguka au kuangusha. Sema "I'm getting off at Nyerere Square." Achana pia na "get down" kwa maana ya kushuka garini. Hiyo inafaa kwa aliyepanda juu ya mti au ngazi.

"Get" pia hutumika kwa usafiri wenyewe. "I got the train" ni nimekuja na treni. "Get a bajaji from the station" ni chukua bajaji kutoka stesheni. Hivyo mgeni anaweza kukuambia "I got the early train and got here before noon", na wewe umeshaelewa kwamba "got" ya kwanza ni kupanda na ya pili ni kufika. Jirani zake wamekuonyesha.

Swali la njia ni moja tu, likariri: "How do I get to...?" Likiulizwa kuhusu UDOM, usijibu upesi. Chuo hicho, kilichoanza 2007, kimetawanyika juu ya vilima na ndaki zake ziko mbalimbali. Muulize kwanza: "Which college do you need to get to?" Utamwepusha kutembea juani, na hutalaumiwa.

Wale mnaopeleka watalii Kondoa kuona michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, shikeni maelezo haya: "First we get to Kolo. We get the permit at the office there, and they'll get us a guide. After that the road gets rough." Humo mna fika, pata, tafutia na hali kubadilika. Yaseme kwa sauti mara kadhaa ukiwa unaosha gari.

Kufanyiwa, na kumfanya mtu afanye

Hapa ndipo wengi wanasema uongo bila kukusudia.

Kwa Kiswahili cha kila siku unasema "nimetengeneza simu" wakati aliyetengeneza ni fundi. Wote tunaelewa. Lakini "I repaired my phone" kwa Kiingereza maana yake wewe mwenyewe ulishika bisibisi. Mtu akivutiwa na akakuletea yake je?

Tumia mpangilio huu: "get", kisha kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi. "I got my phone repaired." Nilitengenezewa simu. "I got my hair braided." Nilisukwa. "I need to get my shoes mended." Nataka kushonewa viatu.

Kwa mtafuta kazi, mpangilio huu ni mkate wa kila siku. Kuthibitishiwa vyeti kwa wakili: "I got my certificates certified." Kugongewa mhuri: "I have to get this form stamped." Kupigwa picha za pasipoti: "I'm getting my passport photos taken." Angalia "taken", siyo "took". Umbo la tatu halina mjadala hapa.

Mpangilio unaofanana unatumika pale mtu anapofanyiwa jambo na wengine, hata asilolitaka. "I got transferred to Dodoma." Nilihamishiwa Dodoma. Sentensi hiyo wanaijua vizuri watumishi wengi waliofungasha kuanzia mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia hapa. "He got robbed." Ameibiwa. "She got promoted." Amepandishwa cheo.

Ukitaka kusema umemfanya mtu atende, ongeza "to": "get", mtu, "to", kitendo. "I'll get the electrician to look at it." Nitamwomba fundi umeme aangalie. Dada au kaka wa mapokezi, hii ni yako. Mgeni akilalamika kwamba maji ya moto hayatoki, usiseme "I will tell him". Sema "I'll get someone to fix it now." Kisha mtafute kweli huyo mtu.

Tofautisha na "make". "I made him pay" ni nilimlazimisha. "I got him to pay" ni nilimbembeleza, nikamzungusha, nikamkumbusha, mpaka akalipa. Kwenye madai ya mtaani, ya pili ndiyo inayotokea mara nyingi.

Hata vitu visivyo na akili vinaingia humo. "I can't get this car to start." Gari hili linagoma kuwaka. Na kama unafundisha historia, wape wanafunzi sentensi hii waichambue: "The British couldn't get the groundnuts to grow in Kongwa." Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilimwaga matrekta na fedha Kongwa ili kulima karanga. Mvua haikutosha, udongo ukikauka ukawa mgumu kupita jembe, na 1951 mradi ukaachwa. Wagogo, wenyeji walioijua ardhi ile, hawakuhitaji trekta kugundua hilo. Wanafunzi watakumbuka muundo wa sentensi kwa sababu ya kisa.

Kuwa nacho, na kulazimika

"Have got" ni kuwa na. "Have you got change?" Una chenji? "Sorry, I haven't got any." Samahani, sina. Jizoeze hizo mbili ukiwa dukani. Noti ya elfu kumi asubuhi ni tatizo kwa lugha zote.

"I've got to" ni lazima. "I've got to go." Inabidi niondoke. "I get to", bila "have", ni kitu kingine: ni bahati au nafasi. "In this job I get to meet people from everywhere." Kazi hii inanipa nafasi ya kukutana na watu wa kila mahali. Sentensi hiyo ya mwisho ibebe kwenye usaili. Wakikuuliza kwa nini unaipenda kazi, inatoka kwa ulaini na haionyeshi kujipendekeza.

Utasikia "gotten" kwenye filamu. Ni ya Kimarekani. Kwenye mtihani andika "got", kwani shule zetu zinafuata Kiingereza cha Uingereza. Ukizungumza na Mmarekani, tumia unayotaka.

Sentensi zinazouma

Nyingine ni fupi na zina meno.

"I'll get you." Dereva anamaanisha nitakufuata kesho saa moja. Mteja anasikia nitakukomesha. Sema "I'll come and get you at seven" au "I'll pick you up at seven". Na hapo umeona tumebadilisha saa: saa moja yetu ya asubuhi ni "seven" yao. Usichanganye, treni haisubiri.

"Get lost!" Peke yake, kwa sauti kali, ni potelea mbali. Lakini "Don't get lost" ni usipotee, na ni wema tu. "Get out!" ni toka nje. Abiria wako wa bajaji mwambie "You can get out here", utangulize "you can", na sauti iwe ya chini.

"You've got fat." Kwetu kumwambia mtu umenenepa ni kumsifu kwamba maisha yamemkubali. Kwa mgeni ni tusi la mchana kweupe. Umenawiri iwe "You look really well".

"Get me water." Hii ni amri. Kiswahili kina "naomba", na bila naomba hata muuza duka anakutazama vibaya. Naomba ya Kiingereza ni "Could I get". "Could I get some water, please?" "Could I get a glass of Dodoma wine?" Ukiwa wewe ndiye mhudumu, geuza: "What can I get you?" Nikuletee nini? Maneno matano tu, na mgeni anaona amefika pahali panapojua kazi.

Ofisini, na kwenye karatasi

Orodha ndefu za "get" na viambatanisho vyake, zile za kukaririshwa shuleni, mimi sizipendi. Chukua chache zinazokuhusu, uzitumie mpaka zichakae.

"I'll get back to you." Nitakujibu. Kwenye ofisi nyingi duniani, na zetu zimo, tafsiri yake halisi ni njoo kesho. Ukiambiwa hivyo, uliza papo hapo: "When should I expect to hear from you?"

"Get on with" ni kuelewana na mtu, au kuendelea na kazi. "I get on well with my colleagues." Nyingine ya usaili hiyo. "Let's get on with it." Tuendelee bwana, muda unakwenda.

"Get by" ni kusukuma siku. Mshahara haujatoka, lakini mnakula: "We're getting by." "Get over" ni kupona au kusahau machungu. "Get away with" ni kukosea na usishikwe.

Na "get round to", kufanya hatimaye jambo uliloliahirisha muda mrefu. Mfano wake mzuri kuliko wote uko hapa hapa. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama kweli. "They decided in 1973, but they only got round to it in 2016." Ukiisema hiyo mbele ya mgeni atacheka, na utakuwa umemfundisha historia ya mji kwa sentensi moja.

Kwenye maandishi rasmi, punguza "get". Si kosa la sarufi, ila linavaa nguo za nyumbani. Barua ya maombi ya kazi au ripoti ya idara inataka nguo za ofisini. "I got your letter" iwe "I received your letter". "I got a degree" iwe "I obtained a degree". "The roads got worse" iwe "The roads became worse". "We got to the village" iwe "We reached the village". Ukimaliza kuandika, tafuta "get" na "got" kwenye kompyuta, simama kwenye kila moja, uamue kama inabaki. Kwenye meseji na mazungumzo ziache zote.

Zoezi la kila siku

Tumia siku yako mwenyewe, haihitaji kitabu. Ukiwa njiani, simulia kimoyomoyo: "I get up at five. I get dressed. I get the children ready. I get a daladala. I get to work at half past seven. I get hungry at ten. I get paid on..." hapo taja tarehe yako. "I get home before it gets dark." Kuamka saa kumi na moja alfajiri ni "at five", kumbuka.

Ukishazoea, ihamishe yote kwenye jana: "I got up, I got dressed, I got a daladala." Kisha kesho: "I'll get up, I'll get dressed."

Wiki ya pili ongeza kufanyiwa. Kila jioni taja kitu kimoja ulichofanyiwa na mtu: umenyolewa, umeshonewa, umegongewa mhuri, umejaziwa upepo kwenye tairi. "I got my tyres pumped." Hukosi kimoja.

Wiki ya tatu tafuta mwenzio, muulizane maswali matano ya barabarani kwa bodaboda, bajaji, basi na treni. Yeye awe mgeni, wewe mwenyeji, kisha mbadilishane. Akisema "get down", asimame aanze sentensi upya. Akisema "I'll get you tomorrow", mdai soda.